Madalali wa nyumba Dodoma: wapi wanastahili hela yao, wapi ukague mwenyewe

Anayehamia Dodoma, awe mtumishi aliyepangiwa Mji wa Serikali Mtumba, mwanafunzi wa UDOM au mfanyabiashara aliyevutwa na treni ya SGR, kwa kawaida huonana na dalali kabla ya kuonana na mwenye nyumba. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, nyumba nzuri hupata mtu kabla hazijapata kibao getini. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam au Mwanza, funguo ziko kwa mlinzi, na mlinzi ana namba ya dalali. Dalali utamtumia tu. La kujua ni kipi anakifanya vizuri, na kipi ukimwachia kitakugharimu.

Tathmini hii ni ya huduma yenyewe, haimlengi mtu wala ofisi yoyote. Kutafuta nyumba: alama nne kwa tano. Dalali wa kijiweni Ilazo au Area C anajua nani anahama mwisho wa mwezi kabla jirani wa ukuta mmoja hajajua. Kukagua nyumba: mbili kwa tano, na hizo mbili ni kwa wale wachache wanaopanda juu kuchungulia tanki. Kuuza viwanja: alama zimeachwa makusudi, sababu ziko huko chini.

Hela inavyokwenda

Ada iliyozoeleka kwa nyumba ya kupanga ni kodi ya mwezi mmoja, na anayeitoa ni mpangaji. Nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi inayodaiwa miezi sita mbele itakutoa 1,800,000 kwa mwenye nyumba na 300,000 kwa dalali, jumla 2,100,000, kabla ya gari la kuhamisha vyombo na kabla hujanunua pazia. Ukiambiwa tu "kodi laki tatu, bosi", bado hujatajiwa bei. Uliza papo hapo: miezi mingapi, kuna hela ya tahadhari, na ada ya dalali ni ngapi.

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo idadi ya miezi ya kulipa mbele ni makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji. Hapa ndipo dalali mzuri anapoonekana. Anayemfahamu mwenye nyumba atamshusha kutoka miezi sita hadi mitatu kwa simu moja, na mtu aliyepewa nafuu hiyo hapaswi kunung'unikia ada ya mwezi. Asiyemfahamu atakujibu "hapo haishuki, mkuu" bila hata kushika simu.

Halafu kuna hela ya kuonyeshwa, ambayo wengine huiita ya kuzungusha au ya usumbufu. Inalalamikiwa sana, lakini ina sababu. Wapo wateja wanaozungushwa nyumba nne kwa mafuta ya dalali, jioni wanarudi kimyakimya kwa mlinzi kuchukua namba ya mwenye nyumba. Tatizo ni kwamba hela hiyo imegeuka biashara kamili: mtu hana nyumba hata moja mkononi, anakusanya elfu kumi kumi kwa wateja sita kwa siku, anawaonyesha magofu. Ilipe kwa masharti matatu. Ni moja kwa siku nzima, haidaiwi kwa kila nyumba. Idadi ya nyumba na mitaa yake itajwe kabla ya kupanda bajaji. Na mkikubaliana nyumba, ikatwe kwenye ada ya mwezi. Yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, hata kwa mistari miwili. Dalali wa kweli hakatai, kwa sababu anategemea ada, hategemei nauli.

Cha juu ndicho kinachouma zaidi na ndicho kisichoonekana. Mwenye nyumba amesema 250,000, wewe unaambiwa 300,000. Kwa miezi sita hiyo ni 300,000 ya ziada, juu ya ada ya mwezi. Chanzo chake mara nyingi ni mlolongo: dalali uliyempigia simu hana nyumba, anampigia mwenzake, naye anampigia wa tatu mwenye mawasiliano na mlinzi, na kila mmoja anataka chake. Swali la kupima ni fupi: "Funguo ziko kwa nani?" Akijibu moja kwa moja, yuko karibu na nyumba. Akisema "ngoja nimcheki jamaa", uko kwenye mlolongo. Kuwa kwenye mlolongo si kosa, wengine hugawana ada ile ile moja bila kumwongezea mteja. Ila bei uitajiwe na mwenye nyumba mwenyewe, kwa sauti yake, na kodi iende kwake moja kwa moja.

Msimu nao una bei yake. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na wenye nyumba zenye samani hupendelea wageni wa muda mfupi kipindi hicho. Chuo kikifunguliwa, vyumba vya upande wa Ng'ong'ona na Makulu huadimika. Bunge likiahirishwa ndipo bei hujadilika. Julai dalali hupokea simu mlio wa kwanza.

Wa kijiweni, wa mtandaoni, wa ofisini

Wa kijiweni ana faida ya kujua mtaa: nani ana kisima, nani ana kesi na ndugu zake, nyumba ipi wapangaji hawakai zaidi ya miezi mitatu. Hatakuambia asipoulizwa. Muulize "kwa nini aliyekuwepo alihama?" kisha kaulize swali hilo hilo dukani kwa Mangi wa karibu. Majibu mawili yakifanana, endelea.

Wa mtandaoni anauza picha, na kulipia picha ni kununua mbuzi kwenye gunia. Nyumba moja hutangazwa na akaunti kumi, kila moja na bei yake, na picha zinaweza kuwa za mwaka ambao rangi ilikuwa bado mpya. Kabla ya kusafiri kutoka mkoani au kutuma shilingi, omba video ya leo: ianzie barabarani, ipite getini, afungue bomba la jikoni mpaka maji yaonekane, amalizie kwenye mita ya LUKU. Dakika tatu zinatosha. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi za mjini zina namba na mitaa ina majina, kwa hiyo mwombe namba ya nyumba na jina la barabara uitazame kwenye ramani. Na "dakika tano kutoka lami" ni dakika za bodaboda saa kumi na mbili asubuhi, siyo za miguu yako ukiwa na mtoto na mfuko wa unga.

Ofisi yenye leseni ya biashara, TIN na risiti za EFD haiko ghali kuliko kijiwe kwa mtu binafsi, ila ina nyumba chache za bei ya chini. Inawafaa zaidi mashirika na kampuni, kwa sababu zinapopanga hulazimika kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuiwasilisha TRA, na bila nyaraka mhasibu hawezi kufanya kazi yake. Tangu amri ya Serikali ya 2025, udalali wa nyumba ni miongoni mwa shughuli ambazo asiye raia hapewi leseni ya kuzifanya, hivyo "ofisi" ya mgeni isiyo na Mtanzania kwenye leseni ni ya kuiepuka.

Ukaguzi asioufanya dalali

Anza na maji. Dodoma ni nchi kavu. Mvua za mwaka ni kama milimita 570, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Maji ya bomba ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mitaa mingi hupata kwa zamu. Maneno "maji yapo" hayana maana mpaka yajibu maswali matatu: yanatoka siku zipi, yana nguvu ya kupanda kwenye tanki au yanaishia bomba la uani, na tanki ni la lita ngapi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Watu watano wakitumia lita 50 kila mmoja humaliza lita 250 kwa siku. Simtanki la lita 1,000 linakwisha siku ya nne, la 2,000 linafika siku ya nane. Mtaa ukipata maji mara moja kwa wiki na nyumba ina tanki la 1,000, siku tatu za kila wiki utanunua maji ya madumu. Gharama hiyo iongeze kwenye kodi ndipo ulinganishe na nyumba nyingine. Mara nyingi nyumba "ya bei chee" ndiyo ghali.

Kama maji yanahifadhiwa kwenye tanki la chini na kupandishwa kwa pampu, uliza pampu imeunganishwa kwenye mita ya umeme ya nani. Katika nyumba ya wapangaji wanne, ugomvi wa kwanza huanzia hapo. Kama ni kisima cha mwenye nyumba, onja. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi. Angalia kichwa cha bomba la mvua bafuni na birika la mpangaji anayetoka: ukoko mweupe ukiwa mnene, ujue hita ya maji haitadumu, maana ukoko huohuo hujifunga kwenye koili, koili inapata joto kupita kiasi na kuungua. Na Dodoma ya Juni na Julai ina baridi inayotaka maji ya moto.

Deni la maji linakaa kwenye akaunti ya nyumba. Aliyetoka hajalipa, atakayekatiwa ni wewe. Piga picha ya mita ya DUWASA siku ya kukabidhiwa funguo, na ankara ya mwisho uione kwa macho.

Umeme una mtego wake. Mteja wa daraja la D1, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akihamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, hulipa karibu mara tatu. Familia nne zikichangia mita moja ni vigumu kubaki chini ya 75. Kwa hiyo "LUKU yake mwenyewe" kwenye tangazo ina thamani ya shilingi kila mwezi, na inafaa kulipiwa kodi kidogo zaidi. Ikague: namba ya mita iliyo ukutani ifanane na ile unayoambiwa ununulie umeme, kisha nunua wa shilingi elfu chache mbele ya dalali uone jina linalotokea na makato.

Makato hayo ndiyo watu wengi hawayatarajii. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi, ya ghorofa 7,500 kwa kila ghorofa. Nyumba iliyokaa tupu miezi minane bila kununuliwa umeme imelimbikiza 12,000, na wa kwanza kununua umeme ni wewe mgeni. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwambie dalali iandikwe kwenye mkataba kwamba kinachokatwa kwenye LUKU kitapunguzwa kwenye pango lijalo. Wenye nyumba wengi hukubali, ila hakuna anayejitolea kukumbusha.

Kuta sasa. Sehemu nyingi za Dodoma zina udongo wa mfinyanzi mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na mji uko kwenye ukanda unaopitiwa na matetemeko madogo. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo bila mkanda wa zege chini na lenta inayozunguka kuta zote hupasuka mshazari kuanzia kona za madirisha na milango. Ufa wa unywele kwenye lipu hauna neno. Ufa unaopitisha ukingo wa sarafu, au unaoonekana ndani na nje mahali palepale, ni wa ukuta wenyewe. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu wa chumba iulizie.

Ukikagua Septemba, kila kiwanja ni kikavu na kizuri. Tafuta alama za Februari: mstari wa tope chini ya ukuta wa fensi, matundu yaliyotobolewa chini ya fensi kupitisha maji, kizingiti cha jirani kilichoinuliwa kwa tofali mbili. Sehemu za bondeni, Nkuhungu ikiwamo, zimewahi kuingiwa na maji mpaka ndani. Gonga mlango wa nyumba ya jirani umuulize mama aliyepo maji hufika wapi. Jibu lake lina uzito kuliko la dalali na la mwenye nyumba wakijumlishwa.

Udongo huohuo huamua habari za choo. Nje ya maeneo yenye mfumo wa majitaka, nyumba hutumia mashimo, na shimo la kunyonya lililochimbwa kwenye mfinyanzi halinyonyi. Linajaa upesi, na gari la kunyonya majitaka huitwa mara kwa mara. Fungua kifuniko cha chemba. Maji yakiwa yamesimama sawa na bomba la kuingilia, mkataba utaje nani anayelipia gari hilo.

Vumbi ni jambo dogo mpaka ulale nalo. Kiangazi upepo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo chumba chenye dirisha la alumini upande huo, lililochakaa mipira, kitakuwa na vumbi kitandani kila jioni kati ya Julai na Oktoba. Mpira wa dirisha fundi anaubadilisha siku moja. Uuombe kabla hujasaini.

Na usafiri: Mji wa Serikali Mtumba uko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji, barabara ya Dar es Salaam. Kisasa, Nzuguni, Ilazo na Ihumwa viko upande huo. Mkonze na Nala zina nyumba nafuu, lakini mfanyakazi wa Mtumba anayekaa huko huvuka mji mzima asubuhi na jioni. Dalali atakuambia "siku hizi barabara nzuri". Nzuri ndiyo, nauli ni mara mbili.

Kulipa na kusaini

Ada ya dalali itoke siku funguo zinapoingia mkononi mwako, mkataba ukiwa umesainiwa. "Nitumie nusu nikushikilie, kuna mtu anakuja saa tisa" ndiyo sentensi inayomaliza hela za watu. Kama kweli kuna mtu anakuja saa tisa, hela ya kushikilia mpe mwenye nyumba, kwa maandishi, ihesabiwe kwenye kodi.

Utapeli unaorudiwa una sura tatu. Mpangaji anayeondoka anajifanya mwenye nyumba na kupokea miezi sita. Mtu anakodi nyumba yenye samani kwa siku mbili, anaionyesha kama yake. Au dalali anaipangisha nyumba moja kwa watu wawili, wa pili anagundua siku ya kuhamia. Kinga ni moja kwa zote tatu: jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA, jina lililo kwenye hati au stakabadhi ya pango la ardhi, na jina linalotokea unapotuma hela benki au kwa simu, yafanane. Simu huonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Hapo ndipo pa kusimama. Kama anayepangisha ni mtoto au mdogo wake mwenye nyumba, kuwe na barua ya kumruhusu na mwenye mali azungumze kwenye simu. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa atakuambia bure nyumba ni ya nani.

Mkataba wa kurasa mbili unatosha, mradi utaje kodi, tarehe, muda wa notisi, nani anakarabati nini, na orodha ya vitu vilivyomo: taa, vitasa, hita, tanki, mapazia kama yapo. Siku ya kukabidhiwa andikeni usomaji wa mita zote mbili. Kitasa cha mlango mkuu badilisha siku hiyohiyo, kwa sababu hakuna ajuaye funguo za zamani zimechongwa nakala ngapi.

Viwanja: kwa nini hakuna alama

Dalali yuleyule aliyekupatia nyumba ya kupanga vizuri kabisa anaweza kukuingiza kwenye kesi ya ardhi ya miaka kumi, tena bila nia mbaya. Kosa la nyumba ya kupanga ni la miezi sita. La kiwanja halina mwisho wa mkataba.

Dodoma ina historia yake hapa. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa 1973, mwaka uleule mji ulipotangazwa kuwa makao makuu, ikavunjwa Mei 2017 na kazi zake kwenda kwa halmashauri, ambayo ni Jiji tangu Aprili 2018. Enzi zake ardhi ya mji ilikuwa mikononi mwa CDA na wananchi walipewa hati za miaka 33. Baada ya hapo zikatakiwa kubadilishwa kuwa hati za miaka 99. Kwa hiyo ukionyeshwa karatasi ya CDA, hata iwe na mihuri mizuri, swali ni kama imeshabadilishwa na iko kwa jina la nani sasa. Migogoro ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili nayo ni ya muda mrefu hapa, ndiyo maana picha ya hati kwenye simu ya dalali haina thamani.

Chukua namba ya kiwanja, kitalu na eneo, uende mwenyewe ofisi ya ardhi kuomba upekuzi rasmi, ulipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Majibu yataonyesha mmiliki, muda uliobaki, zuio kama lipo na rehani kama kiwanja kiko benki. Dalali akisema "mimi nina mtu pale, nitakufanyia", mshukuru, kisha nenda wewe. Baada ya upekuzi, mpima aende kiwanjani na kifaa chake kulinganisha mawe ya mipaka na vipimo vya ramani ya hati. Jiwe huhamishika. Wapo waliojenga msingi mzima kwenye kiwanja cha jirani kwa kufuata jiwe alilowaonyesha dalali kwa kidole.

Mashamba ya pembezoni, yanayouzwa kama "viwanja vya baadaye", yana hesabu nyingine. Heka ya mtaani ni hatua 70 kwa 70, na heka halisi ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wa kama mita 63.6 kila upande. Hatua ya mtu mfupi na ya mtu mrefu zinatofautiana, na anayepiga hatua kwa kawaida ni wa upande wa muuzaji. Shamba likija kupimwa viwanja, sehemu yake huondoka kwa barabara na huduma za jamii. Ukinunua heka ukitarajia viwanja kumi vya mita 20 kwa 20, ambavyo ni mita za mraba 4,000, umekwishatumia karibu ardhi yote na hujaacha hata njia ya kupita. Barabara ya mzunguko ya nje, ya kilomita 112, imepandisha bei kila mahali inapopita. Kumbuka hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na dalali anayesema kiwanja "kinagusa lami" anaweza kuwa anasema kweli kabisa.

Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mwenyekiti amewaona mkiuziana. Hautengenezi umiliki. Kwa ardhi iliyopimwa, uhamisho hupita kwa wakili, Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35, taarifa ya uthamini, stakabadhi ya pango la ardhi la mwaka husika na cheti cha kodi kutoka TRA. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na tangu 2023 asiye na kumbukumbu za gharama zake hulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kodi hiyo ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, lakini mtaani bei hutajwa "safi mkononi", maana yake kodi imehamishiwa kwako. Ulizia hilo kabla ya kupeana mikono.

Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, kwa hiyo mke au mume wa muuzaji asaini na picha yake iwepo. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo na kaka mkubwa aliyeshika hati. Wakili awe wako. Wakili aliyeletwa na dalali, analipwa na muuzaji na anatumia ofisi ya dalali, ana wateja watatu na wewe ni wa mwisho.

Ada ya dalali kwa mauzo huzunguka asilimia 5 hadi 10 na kwa kawaida hutoka kwa muuzaji. Wengine huchukua pande zote mbili bila kusema. Iandikwe kwenye mkataba wa mauzo nani anamlipa na kiasi gani, ilipwe baada ya fomu kupokelewa ofisi ya ardhi, siyo baada ya kusaini kwa wakili.

Mahali pamoja dalali haitajiki kabisa. Nyumba za NHC za Iyumbu na Medeli, na za Watumishi Housing za Njedengwa, hushughulikiwa na mashirika yenyewe kwenye ofisi zao, na malipo huenda kwa shirika. Anayekuuzia "fomu" au "nafasi" ya nyumba hizo hana cha kukuuzia.